Siku Nne za Kumkwepa Mwalimu

Joto la mwezi wa tano lilikuwa limeshaanza kulainisha lami ya Grand Prairie, karibu na Dallas, na ndani ya duka kubwa la nguo za punguzo watu walikuwa wakipigana vikumbo kwenye kaptura na kandambili. Kona ya makoti ya baridi ilikuwa na watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wameshika koti moja.

Wa kwanza alikuwa Sospeter, fundi wa viyoyozi na vyumba vya barafu kutoka Houston, mwanamume mrefu mwenye mabega mapana na fulana ya kazi iliyoandikwa jina lake kifuani. Alikuwa ametumwa kutengeneza friji la ghala moja lenye baridi ya kugandisha ng'ombe mzima, na koti lake alikuwa amelisahau nyumbani, mwendo wa saa nne. Wa pili alikuwa dada mwenye sare ya hospitali ya kijani, nywele amezisuka twende kilioni, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Mama, nimelipata," alikuwa akisema simuni. "Zambarau, zito, linafika magotini. Tatizo kuna njemba hapa limeng'ang'ania mkono wa pili... Ndiyo, la kike! Sijui halioni, sijui linalipenda hivyo hivyo. Ngoja niliambie kwa Kizungu, taratibu, lisije likanipiga."

"Njemba linaomba radhi," Sospeter akasema. "Halikujua kama ni la kike. Liliona zito tu."

Simu ilianguka kwenye rundo la soksi. Yule dada akaziba mdomo kwa mikono miwili, na juu ya vidole macho yake yakabaki yakicheka peke yake.

"Yesu na Maria! Kumbe Mbongo?"

"Wa Tarime."

"Mkurya!" Akarudi nyuma hatua moja na kuinua mikono juu. "Kaka, chukua koti. Mimi bado naupenda uhai wangu."

"Chukua wewe, dada. Ni la mama?"

"La mama. Nampeleka Alaska."

"Alaska? Kwani mama amekosa nini?"

Dada akacheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka kuangalia. Jina lake Bertila, nesi, anaishi mji wa jirani, Mansfield. Mama yake, Mwalimu Ludovika, alikuwa amefundisha jiografia huko Rombo miaka thelathini na miwili. Kila mwaka alichora ubaoni mito ya barafu inayoteremka mpaka baharini, na vimji vya kaskazini visivyofikiwa na barabara, na kila mwaka mtoto fulani alimwuliza kama amewahi kufika, naye akajibu hapana, fungua ukurasa unaofuata. Sasa amestaafu, amekuja kumtembelea binti yake, na maduka ya Dallas hayamtii hamu. Anataka kwenda kuviona vile vimji kabla magoti hayajagoma.

Sospeter aliondoka dukani na koti la kiume lililombana makwapani, pamoja na namba ya simu ya Bertila. Kufika mwezi wa sita walikuwa wakiongea asubuhi, mchana na jioni, na wenzake kazini walishazoea kumwona akitabasamu ndani ya mashine.

"Umeamkaje, njemba?"

"Njemba limeamka na njaa ya kukuona."

"Basi li-drive lije. Saa nne tu."

"Jumapili nili-drive hizo saa nne, mpenzi, ukanilalia kwenye kochi dakika ya kumi."

"Nilikuwa nimetoka shifti ya masaa kumi na mawili, beibe! Kwani hukufurahi kunitazama?"

"Nilifurahi. Ila unakoroma kama kompresa mbovu."

"Sospeter! Nakata simu."

Hakukata. Na siku moja ya mwezi wa saba, sauti yake ikabadilika kidogo.

"Tiketi za meli nimekata tatu. Usianze kufurahi. Vyumba viwili, mimi na mama, wewe peke yako."

"Nimefurahi hivyo hivyo."

"Nisikilize. Hii siyo matembezi tu. Baba hayupo, unajua, na kwetu neno la mama ndilo baba zangu wadogo watakalolifuata. Mwisho wa mwezi wa nane anarudi nyumbani. Akikupenda, mimi nimepona. Akikukataa, hata ulete ng'ombe wote wa Tarime, hakuna atakayekufungulia mlango."

"Atanipenda. Mimi wazee wananipenda sana, Betty. Shida huwa ni vijana."

Na kweli, siku tatu za kwanza Mwalimu alimpenda kupita kiasi. Walipanda meli Seattle, jumba la ghorofa kumi na mbili linaloelea, na kabla nchi haijapotea machoni Mwalimu alikuwa ameshamfanya Sospeter monita. Alikuwa mama mfupi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, koti la zambarau limemmeza mpaka magotini, na chini yake soksi nene ndani ya kandambili. Alisimama ukingoni mwa meli akiwaeleza Wamarekani barafu inavyochonga bonde, kwa Kiingereza cha ubaoni, na Wamarekani wakamsikiliza wakidhani yumo kwenye gharama ya tiketi.

"Monita! Nishikie mkoba. Monita! Nipige picha na ule mlima, usinikate miguu."

"Ndiyo, mama. Cheka kidogo."

"Mlima hauchekewi. Piga."

Wakala pamoja, wakacheza karata pamoja, na usiku wa pili Mwalimu alimegea Sospeter nusu ya keki yake kwa mkono wake mwenyewe. Bertila akawatazama, akahisi moyo wake unakaa mahali pake.

Siku ya nne wakatia nanga Wrangell. Kilikuwa kimji kidogo kisiwani, nyumba za mbao zimejipanga kati ya msitu mweusi na maji ya kijivu, mvua nyembamba isiyokwisha, na harufu ya samaki na moshi kila kona. Sospeter aliipenda ile baridi. Baridi ya Houston ilibidi aitengeneze mwenyewe, na hapa ilikuwa ya bure.

Karibu na gati palikuwa na mzee mmoja mwenyeji, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akiuza samaki waliokaushwa kwa moshi. Bertila alionja kipande, akatafuna, akafikiri. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya pilipili ya kusaga aliyotembea nayo tangu Mansfield, akadondosha tone kwenye kipande cha pili na kumpa mzee mwenye samaki wake. Mzee alitafuna. Akasimama wima. Machozi yakamtoka, akakohoa, akavua kofia, akajipepea nayo kwenye ile baridi, kisha akanyoosha mkono aongezewe. Wakaanza kupeana maelekezo, yeye ya moshi na Bertila ya pilipili, vichwa vimeinama pamoja juu ya ndoo ya samaki, mvua inawanyeshea na hakuna anayejali.

Sospeter alikuwa amesimama hatua kumi nyuma, mkoba wa Mwalimu begani. Hakuna kengele iliyolia. Aliona tu kwamba huyu ndiye atakayezeeka naye, na kwamba jambo hilo limeshakwisha, halina mjadala. Simu ilikuwa imepata mtandao. Akajitenga nyuma ya kibanda cha boti na kumpigia baba yake Tarime.

"Baba, nimepata mke."

"Mungu mkubwa! Wa wapi?"

"Mchaga, wa Rombo. Tuko naye huku kaskazini, kwenye meli, na mama yake."

Baba akashusha sauti.

"Uko na nani?"

"Na mama yake."

"Wewe Sospeter! Umeshaamua kuoa, halafu umekaa na mkweo chombo kimoja? Umekula naye?"

"Tangu Jumamosi, baba. Juzi alinimegea keki."

Upande wa pili mzee alilalamika kwa Kikurya muda mrefu. Aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa ametulia, na hapo ndipo alipotisha.

"Nisikilize. Mpaka asubuhi alikuwa mama wa watu. Kuanzia sasa ni mkweo. Humpi mkono, humtazami usoni, huli naye meza moja. Mkikutana njiani, wewe unapisha. Na binti usimwambie neno! Mimi nitatafuta mshenga aende kwa wazee wao kwa utaratibu. Ukijitamkia mwenyewe huko baharini, utakuwa umetuaibisha ukoo mzima."

"Sawa, baba."

Msomaji anaweza kumcheka, lakini Sospeter alikuwa amekua akimwona baba yake huyo huyo akiruka mtaro na kutokomea kwenye mahindi ili asikutane na bibi mzaa mama njiani. Kwake hilo halikuwa jambo la Wakurya. Lilikuwa jambo la watu wenye adabu, popote walipo, kama kupiga hodi. Miaka kumi ya Houston alikuwa ameishi bila mkwe, kwa hiyo hakupata mtu wa kumsahihisha.

"Monita!" Mwalimu akaita kutoka barabarani. "Nipe mkoba, nitoe miwani."

Sospeter aliuweka mkoba juu ya pipa, akageuka, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea msituni.

Jioni ile hakuonekana mezani. Bertila alimpigia simu ya chumbani.

"Mpenzi, mbona huji kula?"

"Tumbo."

"Nikuletee dawa? Mama anasema anakuja kukuona."

"Hapana! Asije! Limepona."

"Limepona sasa hivi?"

"Ndiyo, lakini nimeshalala."

Mwalimu Ludovika hakuwa mtu wa kuacha mwanafunzi apotee. Aliamini kijana amepatwa na huzuni, labda amepokea habari mbaya kutoka nyumbani, na dawa ya huzuni ni watu. Kwa hiyo akaanza kumtafuta. Asubuhi iliyofuata lifti ilifunguka ghorofa ya kumi na moja, na Mwalimu akiwa ndani peke yake, zambarau tupu, mikono ameitandaza.

"Monita wangu! Njoo hapa!"

Sospeter akainamisha macho, akarudi kinyumenyume, akashuka kwa ngazi ghorofa zote mpaka gatini.

Mji wa siku hiyo ulikuwa Haines, na Haines kuna makumbusho ya nyundo. Nyundo tupu, ukutani, mezani, darini, za mafundi viatu, za madaktari, za mahakimu. Sospeter aliingia humo kwa sababu aliamini hakuna mama wa Rombo atakayetaka kutazama nyundo. Alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la kioo aliposikia sauti mlangoni ikiuliza kwa Kiingereza kilichonyooka kama kuna mtoto wake mrefu humu ndani. Mama huyu ananipima, akawaza, jasho likimtoka. Hakuna mkwe anayemfuata mtu hivi. Anataka kuona kama nimelelewa. Basi ataona! Akainama, akapita chini ya kaunta, akamwomba radhi mwenye makumbusho na kutokea mlango wa uani.

Mwalimu alimwona kisogo. Alisimama pale katikati ya nyundo muda kidogo, kisha akamwambia binti yake wakapumzike.

"Mama, usimjali. Wanaume wana siku zao."

"Siku tatu alikuwa mwanangu," Mwalimu akasema. "Sijui nimemfanya nini."

Siku ya Skagway, bandari iliyofuata, ndiyo Mwalimu alitimiza miaka sitini na mitano. Bertila alikuwa ameagiza meza ya watu watatu karibu na dirisha, milima ya theluji ikionekana nje kwa rangi ya waridi. Yeye mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha njano lililomshika kiunoni likamwachia miguuni, heleni ndefu, na midomo yenye rangi ya zabibu. Mwalimu alikuwa amefunga kilemba, na kwa heshima ya siku hiyo alikuwa amevaa viatu.

Sospeter alifika mpaka mlangoni. Alikuwa amevaa suti. Akamwona Bertila kwa mbali, akapiga hatua moja, akamwona na mkwe, akakumbuka. Akampa mhudumu bahasha yenye kadi na ua, akamwonyesha meza, akajificha nyuma ya nguzo, kisha akarudi chumbani. Keki ilikatwa kiti cha tatu kikiwa wazi.

Bertila alimkuta ameketi kitandani na suti yake, anakula pitsa kwenye boksi.

"Kumbe unakula."

"Betty, ngoja..."

"Unakula! Mama anatimiza miaka sitini na mitano, umekaa huku unakula pitsa!"

"Siwezi kukaa naye meza moja."

"Huwezi? Kwa nini?"

Maneno yote yalimjaa kinywani, na juu yake akamwona baba yake amesimama na fimbo.

"Siwezi kukueleza sasa. Kuna watu watakuja kukueleza."

"Watu gani? Wewe huna mdomo? Mimi najua. Unamwonea haya mama yangu. Anavaa soksi na kandambili, anapiga kelele, anafundisha wazungu bure. Mbele za watu hutaki uonekane naye. Sema!"

"Haki ya Mungu siyo hivyo."

"Basi nenda ukamwambie hivyo usoni."

Alimwomba kitu kimoja tu, na ndicho hicho asichoweza. Sospeter akainamisha kichwa. Bertila akangoja, akangoja tena, kisha akafunga mlango polepole, na huo upole ulimwumiza Sospeter kuliko kama angeubamiza. Safari nzima ya kurudi hawakusemeshana. Uwanja wa ndege wa Dallas waliachana bila kushikana mikono. Sospeter alipofika Houston na kuandika ujumbe, ukaonyesha tiki moja, na picha ya Bertila ikawa imetoweka.

Alimpigia baba yake.

"Amekasirika? Kwa kumheshimu mama yake?" Mzee hakuamini. "Mwanangu, hao ni watu wa namna gani?"

"Baba, mshenga yuko wapi?"

"Bado ana kikao cha kahawa. Utaratibu haukimbizwi."

Mansfield nako neno lilikuwa limeshatolewa. Barua yoyote ikija kutoka kwa kijana huyo, Mwalimu alimwambia binti yake, nitawaambia baba zako wadogo wasiifungue. Alilisema akikunja koti la zambarau kuliweka sandukuni. Bertila alijibu sawa mama, akaenda kuoga, akafungua maji kwa nguvu ili asisikike akilia. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi.

Alhamisi, nje kukiwa na joto la nyuzi arobaini na moja, AC ya Bertila ikazima. Mafundi wote wa karibu walisema Jumanne. Bertila akanunua feni mbili, akaenda kazini. Mwalimu alikaa sebuleni na khanga iliyolowa kichwani, akafikiri, kisha akachukua simu yake mwenyewe.

Houston, Sospeter aliona jina, akasimama wima katikati ya karakana na kuinamisha macho kabla hajapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba ya mwanangu inatokota. Wewe si fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Kesho uje." Akakata.

Saa sita mchana ya Ijumaa gari lake lilisimama Mansfield mbele ya gereji. Bertila alimfungulia, bado ana sare ya kazi, macho mekundu kwa usingizi na mengine.

"Sikukuita mimi."

"Najua. Habari za kazi?"

"Mashine iko darini. Ngazi ni hiyo."

Sospeter alimshukuru Mungu. Ngazi ya kukunja ya darini ilikuwa humo humo gereji, hakuwa na haja ya kupita sebuleni. Akapanda. Joto la darini lilimpokea usoni, nyuzi hamsini na zaidi, akatambaa juu ya mbao mpaka kwenye mashine. Tatizo lilikuwa dogo. Bomba la kutolea maji limeziba, na swichi ya usalama imekata umeme. Akalizibua kwa robo saa, akafuta jasho, akageuka ashuke.

Chini, kwenye mguu wa ngazi kabisa, Mwalimu Ludovika alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anajipepea na kipande cha boksi. Sospeter akarudisha kichwa ndani haraka.

"Umemaliza?" Mwalimu akauliza, akitazama mbele.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Leo hakuna mlango wa uani."

Darini ubao mmoja ukalia.

"Nina swali moja tu, Sospeter. Siku tatu ulinibebea mkoba. Nikakumegea keki. Siku ya nne ukanikimbia kama mwenye ukoma. Nilirudi chumbani nikajinusa, baba. Mwanamke wa miaka sitini na mitano, nikajinusa makwapa. Nikasema labda ni koti. Nimekukosea nini?"

Kati ya yote yaliyompata tangu Skagway, hilo la kujinusa ndilo lililomvunja. Alikaa juu ya mbao, jasho linamtiririka machoni, hakujua ni jasho tupu au na nini.

"Hukunikosea, mama. Nilikuwa nakuheshimu."

"Kwa kupita chini ya kaunta ya nyundo? Mkurya mzima anamkimbia bibi kizee?"

"Mama, huku juu kunaunguza."

"Basi jibu haraka."

Akamwona tena baba yake na fimbo, akamwona na kahawa na utaratibu wake, akaona pia saa ya ndege ya kesho.

"Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni," akasema. "Hapewi mkono, huli naye meza moja. Ukikutana naye njiani unapisha. Nilidhani watu wote wanafanya hivyo. Uliponifuata nilidhani unanipima."

Boksi likaacha kupepea.

"Mama mkwe," Mwalimu akasema taratibu. "Mama mkwe wa nani? Nani amekuoza?"

Mlango wa jikoni ulikuwa umefunguka. Bertila alikuwa amesimama hapo na chupa ya maji ya baridi mkononi.

"Bado hakuna aliyenioza," sauti ikasema kutoka darini. "Ila moyoni nilishaoa. Tangu Wrangell. Pale kwenye pilipili."

"Sospeter," Bertila akasema.

"Uko hapo?"

"Niko hapa. Unataka kuniambia wiki mbili na zaidi mama yangu amekuwa mkweo, Tarime nzima inajua, na mimi ndo nasikia leo? Tena darini?"

"Baba alikataza nisikwambie. Alisema mshenga ndiye..."

"Nililia kutoka Seattle mpaka Dallas! Dada wa kwenye ndege alinipa tishu zake zote!"

"Nisamehe, Betty. Nilikuwa mjinga."

Hapo Mwalimu akaanza kucheka. Alianza kimyakimya, mabega yakitikisika, kisha sauti ikamtoka, akavua miwani, akajipiga mapaja. "Na mimi nilivyokuwa namfukuzia! Maskini mtoto wa watu! Nimemfukuza mpaka kwenye nyundo!"

Bertila hakucheka. Alisogea mpaka kwenye ngazi, akashika mguu wake mmoja, akatazama juu kwenye lile shimo jeusi.

"Haya. Shuka uniambie mimi, usoni."

"Siwezi kushuka. Mama yuko hapo."

"Basi niambie hapo hapo ulipo."

"Bertila." Akakohoa. Vumbi la darini lilikuwa limemjaa. "Mshenga atakuja siku yake, na barua itakuja kwenye bahasha yake, na baba akisikia hili atanichinja. Lakini nakwambia mwenyewe. Nakupenda. Nataka kukuoa. Ukikataa, nitashuka nirudi Houston, na hela ya AC sitawadai."

"Ukiamua tena jambo linalonihusu mimi, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Siyo baba, siyo mshenga. Mimi."

"Wewe. Naapa."

"Basi nimekubali," Bertila akasema, na machozi aliyoyaficha bafuni wiki nzima yakamtoka pale pale gereji mbele ya kila mtu.

Lakini wote wawili walijua kwamba neno lao halijatosha. Bertila akageuka kumtazama mama yake. Mwalimu alikuwa amekwisha kucheka. Alivaa miwani yake taratibu, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kusoma majibu ya mtihani.

"Kwetu mkwe nakaa naye mezani," akasema. "Namkatia nyama, ananieleza habari za mjini. Haya ya kukimbiana sikufundishwa, wala sikuyafundisha."

"Ndiyo, mama," sauti ikajibu kwa unyonge.

Mwalimu akainuka. Akachukua kiti chake cha plastiki, akakibeba mpaka kona ya mbali ya gereji, karibu na mashine ya kufulia. Akakiweka kikitazama ukuta. Akaketi, akaivuta khanga yake ikamfunika kichwa na uso.

"Shuka, mkwe," akasema. "Sikuoni."